Darasa la vipanga: kisa cha binti mmoja wa Pasua

Mwishoni mwa mwaka 2019, darasa la nne wakiwa wameshamaliza upimaji wao wa taifa, mama mmoja anayeuza mitumba soko la Memorial hapa Moshi alinijia ofisini na barua iliyokunjwa mara nne. Alishaisoma, nadhani alishaikariri, lakini alitaka niisome mbele yake. Shule moja binafsi ya bweni, mchepuo wa Kiingereza, upande wa Arusha, ilikuwa inampa binti yake nafasi kwenye kile ilichokiita darasa la vipaji. Ada ya mwaka shilingi 2,400,000, nusu wangeisamehe. Mstari wa mwisho kabla ya sahihi ulisema mtoto angeanza tena darasa la nne ili kuimarisha Kiingereza.

Nilikuwa mwalimu wake wa hisabati kwenye shule ya serikali, zile watoto wa mjini wanazoziita kayumba. Mama akaniuliza, "Mwalimu, nimtoe?"

Nikamjibu hapo hapo kwamba amtoe, nafasi kama ile hairudi mara mbili. Kisa hiki nakiandika kwa sababu jibu lile lilinitoka kabla sijajiuliza hata swali moja. Mama ameridhia kiandikwe, na binti amekisoma akafuta sentensi mbili.

Tulichokuwa tunakijua

Kwa kuangalia madaftari, hatukuwa tunajua mengi. Binti alikuwa anashika namba ya tisa, ya kumi na moja, mara moja ya sita, kwenye darasa la watoto 83. Mitihani yangu alikuwa anapata 34 au 36 kati ya 50, kwa sababu aliandika jibu bila kuonyesha njia, nami nilikuwa nakata alama za njia. Mwanzoni mwa mwaka nilipochagua watoto sita wa kupewa maswali ya ziada, hakuwemo. Niliwachagua wanaonyoosha mkono.

Aliyenifumbua macho ni mama yake, tena bila kukusudia. Jumamosi moja ya Agosti nilipita Memorial kutafuta shati, nikamkuta analalamika kwa jirani yake wa meza kwamba belo la nguo linamla, yaani anauza kwa hasara. Alilinunua 360,000, ndani nguo 200. Binti, ameketi juu ya mfuko wa sandarusi, akasema bila kuinua macho: "Halijakula bado, mama. Faida yako iko kwenye matambara thelathini ya mwisho, na wewe unayagawa bure."

Nikamwuliza amepataje. Nguo za daraja la kwanza 40 kwa 4,000 zinatoa 160,000. Za pili 90 kwa 2,000 zinatoa 180,000. Hapo mtaji bado una pengo la 20,000. Zimebaki 70 za mia tano mia tano: arobaini zinaziba pengo, thelathini zinaleta 15,000, na hiyo ndiyo faida ya belo zima. Mama naye alikuwa na desturi ya kumwongezea mteja tambara moja kila anaponunua ya daraja la kwanza. Nyongeza zote 40 zikitoka, belo limekula 5,000.

Hakuna kwenye mtaala wa darasa la nne kinachomfundisha mtoto kufikiri hivyo, yaani kuuliza faida imekaa kwenye nguo ipi. Kuzidisha anafundishwa. Kutafuta pengo liko wapi, na nani analiziba, amejifunza mwenyewe juu ya mfuko wa sandarusi.

Jumatatu yake niliuliza darasa zima swali la namna hiyo, kwa mdomo, kwa Kiswahili cha sokoni, kila mtoto akiandika jibu kwenye kikaratasi. Saba walipata. Kati ya hao saba, wawili tu walikuwa kwenye sita wangu. Mmoja wa watano waliobaki alikuwa kijana wa dawati la nyuma anayeshinda gereji ya mjomba wake Njoro, ambaye mpaka siku ile nilimjua kwa utoro wa Ijumaa na mikono yenye grisi.

Nimeona baadaye kwamba si mimi peke yangu niliyechagua kwa macho. Mwaka 2005 wilaya moja kubwa ya shule huko Florida, Marekani, iliacha kungoja walimu na wazazi wataje watoto wa kupimwa kwa ajili ya programu za vipaji, ikawapima wote wa darasa la pili. Wachumi David Card na Laura Giuliano walipofuatilia, walikuta idadi ya watoto maskini, weusi na wenye asili ya Amerika ya Kusini waliogundulika imepanda sana. Watoto walikuwepo miaka yote. Hakuna aliyekuwa amewataja.

Kwa hiyo barua ya Arusha, kabla ya kuuliza kama ni nzuri, ilipaswa kuulizwa: walimpimaje? Mtihani wao wa kuingilia ulikuwa kwa Kiingereza. Binti alifanya hesabu zote za namba tupu bila kukosea hata moja. Maswali ya maneno aliyaacha wazi. Wakampa nafasi kwa zile za namba, wakamrudisha darasa kwa zile za maneno. Kwa maneno mengine, walichokipima kuwa kipaji ni kasi ya kuzidisha, na walichokiona kuwa upungufu ni palepale ambapo akili yake ilikuwa kali zaidi, ila imevaa lugha asiyoijua.

Safari ya kwenda kuona

Jibu langu la ofisini halikumridhisha mama. Mfanyabiashara hanunui belo bila kulishika, akaniomba twende wote tukaone. Tulipanda basi dogo stendi ya Moshi saa kumi na mbili asubuhi.

Nitasema haki. Ilikuwa shule nzuri. Darasa la watoto 24, kila mmoja na kiti chake, maktaba yenye vitabu vilivyochakaa kwa kusomwa, mabweni safi, mlezi anayewajua watoto kwa majina. Watoto walikuwa wanaongea Kiingereza hata wakigombania mpira. Mtu asinidanganye kwamba hilo ni dogo. Mtoto wa kayumba anasoma miaka saba kwa Kiswahili, anaingia kidato cha kwanza anakuta biolojia, historia na hisabati zote zimegeuka Kiingereza, na wapo watoto wenye vichwa vizuri kabisa ambao huzama kwenye muhula ule wa kwanza na hawaibuki tena. Hoja kubwa kuliko zote ya kumtoa binti ilikuwa hiyo, na haikuwa na uhusiano wowote na kipaji.

Tuliruhusiwa kukaa nyuma kwenye kipindi cha hisabati cha darasa la vipaji. Juu ya ubao palikuwa na bango: lengo letu, kumi bora. Watoto wa darasa la tano walikuwa wanafanya mitihani ya zamani ya darasa la saba. Walikuwa na kasi ya ajabu. Mwalimu anataja swali, vidole juu, jibu, linalofuata. Lilikuja la eneo la pembetatu, mtoto akasema nusu kitako mara kimo, akapata. Kengele ilipolia nikamwuliza, kwa Kiswahili, hiyo nusu imetoka wapi. Akanitazama kwa huruma. "Ndiyo fomula, mwalimu."

Simlaumu mtoto, wala mwalimu wake, aliyekuwa kijana mwerevu anayefanya alichoajiriwa kufanya. Lakini pale ndipo nilipoelewa tulikuwa tunauziwa nini. Lilikuwa darasa la haraka, limeandikwa jina la vipaji. Mtaala ule ule wa wenzao, umekimbizwa. (Bango lile lingekuja kukosa kazi: Januari 2023, ilipotangaza matokeo ya kidato cha nne ya 2022, NECTA, baraza la mitihani la taifa, iliacha kabisa kutaja shule na wanafunzi kumi bora.)

Wakati wa kurudi, tumeshapita Kikatiti, mama alikuwa kimya muda mrefu. Kisha akaniuliza, "Mwalimu, samahani. Wewe mwanao anasoma wapi?"

Mwanangu anasoma mchepuo wa Kiingereza, hapa hapa Moshi, kutwa. Nilimwambia. Hakusema kitu, akaangalia dirishani mpaka Boma Ng'ombe. Ninaliacha swali lile humu kwa sababu kila mwalimu wa serikali anayemshauri mzazi amwache mtoto kayumba lazima alijibu kwanza, nami sina jibu linalonipendeza.

Majirani zetu Kenya

Wiki zile nilisoma nilichoweza kukipata. Kenya kumefanyika kazi mbili ambazo kwa juu juu zinapingana, na zote zinatuhusu kuliko za Ulaya.

Ya kwanza ni ya Esther Duflo, Pascaline Dupas na Michael Kremer, iliyochapishwa mwaka 2011. Shule za msingi 121 za magharibi mwa Kenya zilipewa mwalimu mmoja wa ziada wa mkataba ili darasa la kwanza ligawanywe mikondo miwili. Kwenye nusu ya shule watoto waligawanywa kwa bahati nasibu tu. Kwenye nusu nyingine waligawanywa kwa uwezo, vipanga, yaani wenye vichwa vikali, mkondo wao, wengine wa kwao. Baada ya mwaka mmoja na nusu, shule zilizogawa kwa uwezo zilikuwa mbele, na walionufaika walikuwa wote, wa mkondo wa juu na wa mkondo wa chini. Maelezo ya watafiti ni kwamba mwalimu mwenye watoto wanaokaribiana aliweza kufundisha pale walipo.

Ya pili ni ya Adrienne Lucas na Isaac Mbiti, ya mwaka 2014. Hawa walichukua watoto waliopita kwa nywele moja kuingia sekondari za kitaifa, zile ambazo Mkenya akizitaja anavuta pumzi, wakawalinganisha na waliozikosa kwa nywele hiyo hiyo moja. Miaka minne baadaye, kwenye mtihani wa mwisho wa sekondari, tofauti haikuonekana. Majengo bora, wenzao wakali, jina kubwa, na alama zile zile. Mwaka huo huo wachumi wengine walikuta karibu hayo hayo kwenye sekondari za kuchujwa za Boston na New York.

Mimi naona kazi hizi mbili zinasema kitu kimoja. Kwenye shule 121, kugawa watoto kulibadilisha anachofanya mwalimu mbele ya ubao. Kwenye sekondari za kitaifa kulibadilika anayeketi jirani, na mtihani wa mbele ukabaki ule ule kwa wote. Kumtenga mtoto mwenye kichwa kunalipa pale somo lenyewe linapobadilika. Somo lisipobadilika, umemhamisha dawati. Ni kweli kazi ile ya kwanza ilihusu watoto wadogo, ndani ya shule ile ile, wanaorudi nyumbani jioni, na haimwambii mtu ampeleke mtoto wa miaka kumi bweni. Lakini ilinipa swali ambalo nilipaswa kumjibu nalo mama ofisini: kesho saa mbili asubuhi, akiwa kule, atafundishwa nini ambacho hapa hafundishwi?

Jibu, kwa tulichokiona: Kiingereza, sana. Hisabati, hapana. Tena angepoteza mwaka.

Krismasi Kibosho

Uamuzi haukuwa wangu wala wa mama peke yake. Baba wa mtoto alishafariki, na mwenye uwezo wa kulipa ile nusu alikuwa baba mkubwa, anayefanya kazi Dar es Salaam na kurudi nyumbani Desemba kama Wachaga wote. Siku mbili baada ya Krismasi niliitwa Kibosho, kwenye kihamba cha bibi, shamba la ukoo, nikakuta kikao kimeshaanza na mbege, pombe ya ndizi, imeshamiminwa.

Baba mkubwa alitaka aende. Hoja yake ilikuwa na pande mbili zisizokaa pamoja: kwanza kwamba kipaji hakifichiki, mwenye nacho ataonekana tu, pili kwamba mtoto akibaki kayumba kitaoza. Nikamwambia, mzee, kama hakifichiki kitaozaje? Akacheka, lakini hakuachia.

Kufichika kinafichika. Mwaka 1921 Lewis Terman wa Stanford alianza kuwatafuta watoto wenye akili nyingi kuliko wote California, akakusanya takribani 1,500, akawafuatilia maisha yao yote. Wavulana wawili waliopimwa wakaachwa kwa kutofikisha alama, William Shockley na Luis Alvarez, walikuja kupata tuzo ya Nobel ya fizikia, mmoja 1956, mwingine 1968. Kwenye lile kundi lililochaguliwa hakuna aliyeipata. Shockley simtaji kwa heshima, kwani uzee wake aliutumia kueneza mawazo ya ubaguzi wa rangi, lakini mfano unabaki. Pale Kibosho sikutaja Terman wala Nobel. Nilimtaja kijana wa gereji.

Bibi alipinga kwa sentensi moja. "Mtoto wa miaka kumi akiumwa usiku, ataita nani?" Nilidhani ni hofu ya kizee, nikaiacha ipite. Leo naiweka juu ya hoja zangu nyingi. Shangazi akasema wenzake wa huko watamcheka kwa kuongea Kiswahili. Mjomba mmoja akauliza kama ile nusu ya ada ingekuwepo mwaka wa pili pia, na tulipoirudia barua tukakuta haisemi. Hilo lilikuwa swali bora la siku ile na hakuna msomi aliyelifikiria.

Binti alikuwa jikoni na dada zake. Mama yake ndiye aliyesema aitwe, jambo ambalo kwenye vikao vya namna ile si la kawaida. Akasimama mlangoni. Bibi akamwuliza anataka nini. Akasema, "Shikamoo bibi. Nikirudia la nne, nitafundishwa nini ambacho sijasoma?"

Baba mkubwa akanyamaza, akamaliza kata yake, akasema basi. Alitoa shilingi 400,000 kwa ajili ya Kiingereza na vitabu, akanigeukia: "Sasa mwalimu, wewe ndiye umesema abaki. Utamfanyia nini?"

Nilichomfanyia

Jambo la kwanza nililomfanyia lilikuwa kosa. Januari 2020, darasa la tano, nilimfanya msaidizi wangu. Akimaliza zoezi, anasahihisha ya wenzake. Nilijiona nimebuni, watoto 83 na mwalimu mmoja, nani angenilaumu? Kwa wiki sita nilikuwa na karani wa bure. Yeye hakujifunza chochote, na wenzake wakaanza kumwita mwalimu mdogo, halafu mwalimu kanga, kwa sababu ya mabaka ya wino kwenye sketi. Walimu wengi wenye vipanga hufanya hivi na kuliita jukumu. Ni kazi ya mwalimu amepewa mtoto.

La pili lilikuwa zuri kwenye karatasi. Mwalimu mkuu aliridhia aingie darasa la sita vipindi vinne vya hisabati kwa wiki, akibaki la tano kwa masomo mengine. Ratiba iligongana na Maarifa ya Jamii. Darasa la sita walimcheka akikosea na kumnunia akipatia. Akaacha kujibu. Wiki ya tatu alikuwa anakaa nyuma ananakili ubao kama kila mtu.

Kisha Machi 17 shule zote nchini zikafungwa kwa sababu ya korona. Bweni lile la Arusha nalo lilifungwa, watoto wakarudishwa makwao na ada ya muhula imeshalipwa, na nilisikia kwamba mzozo wa marejesho ulichukua muda. Baba mkubwa alinipigia simu kucheka. Kwangu miezi ile mitatu ilikuwa baraka. Nilikuwa napeleka karatasi Memorial, naziacha kwa mama chini ya mzani, swali moja kwa wiki, si zaidi. Akilipata ananiandikia njia tatu tofauti. Siku moja mama akaniambia mtoto haombi tena swali jipya, anaomba lile la zamani alifikirie upya. Nikajua nimekuwa namlisha vibaya miaka miwili.

Shule zilipofunguliwa Juni 29 nilianza kitu cha tatu, na hicho ndicho kilichodumu. Jumanne na Alhamisi, saa nane na nusu, watoto tisa chini ya mwarobaini: wale saba wa kikaratasi na wawili waliojileta wenyewe wakaomba. Hakuna aliyetangaziwa kwamba ni la vipanga. Lile swali la nusu ya pembetatu lilitumeza wiki tatu. Walikata maboksi, wakagombana, kijana wa gereji ndiye aliyegeuza kipande na kukipachika pembeni mpaka pembetatu ikawa mstatili, kwa mikono ile ile inayojua kupachika. Binti alipinga: umetumia pembetatu iliyonyooka, je iliyolala? Wakaanza upya.

Kiingereza ndicho kilichobaki kidonda. Mwalimu wa sekondari anayeishi jirani yao Pasua, mtaa wao hapa Moshi, alimfundisha jioni kwa zile fedha za baba mkubwa, zikaisha darasa la sita. Alijua kusoma, kuongea hakuongea. Kama mtu ataniambia kwa hilo tulikosea kumbakiza, sitabishana naye kwa nguvu.

Barua ya pili

Oktoba 2022 alifanya mtihani wa darasa la saba. A masomo matano, B ya Kiingereza. Majina yalipotoka Desemba alikuwa amepangiwa moja ya shule za serikali za vipaji maalumu za wasichana.

Kwa asiyezijua: wavulana wana Ilboru, Kibaha, Mzumbe na Tabora, wasichana wana Kilakala, Msalato na Tabora. Neno ni vipaji, kipimo ni alama za darasa la saba. Ilboru iko hapo Arusha, mwendo wa asubuhi moja kutoka Moshi, na kidato cha kwanza huchukua wavulana. Binti wa Kilimanjaro mwenye alama zile zile anasafiri siku nzima, Morogoro, Dodoma au Tabora.

Kikao Kibosho kikakaa tena, na safari hii nilisema aende. Baba mkubwa akaniuliza kwa nini nimegeuka. Sikuwa nimegeuka. Alikuwa na miaka 13 badala ya 10. Hakuna mwaka wa kurudia. Sekondari ya serikali haina ada, mzigo wetu ni nauli na mahitaji ya bweni. Na kuhusu Kiingereza, kule angekuta wengi wametoka kayumba kama yeye, mwalimu analazimika kuwangoja wote, ambapo kwenye lile darasa la watoto 24 angengojwa peke yake. Niliwaonya pia wasitarajie muujiza wa alama, nikawaeleza habari za Kenya. Bibi akauliza tena lile swali lake la usiku. Binti akamjibu mwenyewe kwamba ataita rafiki, na kama hana atamtafuta.

Likizo ya kwanza, Juni 2023, alirudi amekonda. Alikuwa wa 41. Mtoto aliyezoea kupata majibu bila kutoka jasho alikuwa amekutana na mabinti wengine waliozoea hivyo hivyo. Mwanasaikolojia Herbert Marsh ameliandika jambo hili tangu miaka ya 1980: mtoto yule yule, alama zile zile, hujiona dhaifu akiwekwa kati ya wakali na hujiona mkali akiwekwa kati ya wa kawaida. Mimi nilimwambia habari za perege. Perege mkubwa wa kidimbwi akitupwa bwawa la Nyumba ya Mungu hajapungua hata nusu inchi, ila sasa kuna wengine. Akaniambia mwalimu, mimi si samaki, ninachotaka ni kujua kwa nini ile fizikia inaandikwa kwa sentensi ndefu vile. Ilikuwa Kiingereza tena.

Alipanda. Kidato cha pili alikuwa kati ya kumi wa kwanza wa mkondo wake katika hisabati, masomo mengine yanafuata taratibu. Kama ni shule au ni yeye, siwezi kuvitenganisha, na anayeweza kuvitenganisha kwa mtoto mmoja anauza kitu.

Kijana wa gereji alifanya mtihani ule ule siku ile ile. C. Kiswahili chake cha kuandika ni kibovu na zile Ijumaa hazikurudi. Alipangiwa sekondari ya kata, kutwa, na jioni yuko Njoro chini ya magari. Kwenye swali langu la Agosti 2019 jibu lake na la binti yalikuwa sawa. Vikaratasi vyote 83 bado ninavyo.

Likizo ya Juni 2025 binti alipita shuleni kunisalimia, sasa kidato cha tatu. Alikuwa ametoka kutoa kopi karibu na Memorial, karatasi za maswali ya hisabati wanayoshindana bwenini. Kopi moja yangu, moja ya kijana. Wiki iliyofuata kijana alinijia saa kumi na moja jioni na karatasi yake ina alama za vidole vya grisi pembeni. Amefanya sita. Amekwama la saba, la duara lililokaa ndani ya pembetatu. Tulikaa nalo chini ya mwarobaini mpaka giza likaingia, na mimi nimekwama pale pale.